Mzee wa Mnada na Bangili za Kichina

Jumapili niliyoanza kumtazama kwa makini, Mzee wa Mnada alikuwa anauza jogoo, na kabla hajataja uzuri wowote wa jogoo yule alimgeuza ili sote tuone upande wa kushoto wa kichwa chake.

"Jicho hili halioni," alisema. "Atawika, atapanda majike, lakini ukimjia upande huu anashtuka. Nani anaanza?"

Watu wakacheka, mmoja akataja bei, mwingine akaongeza. Jogoo akamwangukia mama mmoja wa kwaya, naye, kama ilivyo kawaida yetu, akamrudisha hapohapo auzwe tena kwa ajili ya paa la kanisa. Mara ya pili mzee angeweza kunyamaza, maana hapakuwa na mtu ambaye hajasikia habari za lile jicho. Akamgeuza tena. "Halioni," akasema, kwa sauti ileile, kana kwamba ndiyo kwanza tumefika.

Kwa msomaji asiyejua ibada zetu za huku Arusha, niseme kidogo. Katika usharika wetu wa Sekei, asiye na fedha mkononi huleta alichonacho: mkungu wa ndizi, mayai kwenye kapu, kibuyu cha maziwa, debe la maharage, kuku aliyefungwa miguu. Baada ya baraka ya mwisho vitu hivyo hunadiwa nje, kwenye majani. Bei haifuati soko. Anayenunua anatoa sadaka juu ya sadaka ya mwenzake, na kukiacha kitu cha mtu kiende kwa bei ya kutupa ni kumwaibisha aliyekileta. Kwa hiyo mnadi mwenye ulimi mtamu anaweza kuuza chochote pale. Wetu hakuwa na ulimi mtamu. Alikuwa na sauti kubwa, koti la kahawia la Jumapili, na macho yaliyokuwa yanatafuta kasoro muda wote.

Jina lake lilikuwepo, lakini halikutumika. Hata mkewe, akimtaja mbele za watu, alimwita Mzee wa Mnada, na usoni alikuwa na kicheko kidogo alichokuwa anakizuia.

Sasa niseme habari zangu, ili ieleweke kwa nini nilimfuata mtu huyu miaka yote ile. Mimi ni mtu wa wasiwasi. Nikifunga duka narudi kulivuta kufuli, nikifika barabarani narudi tena. Nikiandika bahasha na herufi moja ikainama, naichana. Shule yangu iliishia kidato cha nne. Ninachokijua juu ya mapambo ya kale ya Kichina nilijifundisha mwenyewe, kwenye kafe ya intaneti, miaka ile mji wetu ulipofurika vitu kwa ghafla: mitumba, redio kutoka Dubai, saa za plastiki, simu za mkononi, na vyumba vidogo vyenye kompyuta ambamo unalipia muda na kungoja picha moja ijitokeze kidogokidogo kuanzia juu.

Siku moja picha iliyojitokeza ilikuwa ya pini ya nywele. Ilikuwa ya fedha, na juu yake ua la enameli ya buluu, buluu ya bakuli zetu za zamani za jikoni, ila nyembamba na laini. Muuzaji alisema ni ya kale, kutoka China, na bei yake haikuzidi ya viatu vya mtumba. Sikuelewa. Inawezekanaje kitu kivaliwe na mwanamke aliyekufa zamani, kivuke dunia nzima, halafu kiuzwe kama viatu? Ama kilikuwa cha uongo, ama dunia ilikuwa na vitu vya kale vingi kuliko nilivyofikiri. Nilitaka kujua lipi ni lipi. Tangu siku hiyo sikupumzika.

Dada yangu mkubwa alikuwa muuguzi Uingereza. Nilimwandikia, naye akakubali kunilipia kwa kadi yake na kunitumia vitu kwa posta, vya bei nafuu tu, na kila mara akiuliza kwa nini nisitafute mchumba. Vikaanza kuja: pete, pini, bangili za jade, lile jiwe la kijani ambalo Wachina wanalithamini kama wengine wanavyothamini dhahabu. Kila kimoja kilikuja na maneno ya muuzaji kwamba ni cha kale. Nami nilikuwa na ndoto moja.

Mama yangu alikuwa na duka Levolosi, la uzi, zipu, lesi na vifungo. Mbele kabisa, mahali mteja anapoingia, palikuwa na kabati la kioo lililojaa vifungo. Nililitaka kabati lile. Nililiona tayari lina kitambaa cheusi, na juu yake mapambo yangu, na mimi nyuma yake nikieleza kila kimoja kimetoka wapi, nikiwa na kazi yangu mwenyewe badala ya kupima lesi za watu. Mama ni Mchaga wa Marangu na duka lile alilianza kwa meza moja ya mbao barabarani. Hakunikatalia. Alinipa sharti.

"Siku Mzee wa Mnada atakaposema vitu vyako ni halisi, nitaondoa vifungo," alisema. "Wateja wangu ni watu wa kanisani. Siwezi kuwauzia uongo nikiwa nimeuwekea kioo."

Niliona ni sharti jepesi. Mzee alikuwa jirani yetu Sekei, nyumba yake ilikuwa juu kidogo ya yetu, na vitu ningempelekea mimi mwenyewe. Ningeweza kusubiri wiki mbili. Nilisubiri miaka.

Alikuwa Mwarusha, mrefu, na alipokaribia mtu alitanguliza kichwa kidogo, kama anayetaka kusikia kitu kinachonong'onwa. Nilipomwamkia shikamoo alinigusa kichwani kwa kiganja, kama wazee wa kwao wanavyofanya kwa vijana, kisha akaitikia marahaba, kisha akatazama mikono yangu kuona nimeleta nini. Alikuwa amefanya kazi muda mrefu kwenye mashine ya kupasulia mbao upande wa Olmotonyi, na huko alipata tabia ya kunusa. Alinusa kila kitu. Alinusa mayai, alinusa kitabu cha nyimbo, alinusa noti. Nilipompa bangili yangu ya kwanza, aliinusa, kisha akaiweka shavuni na kufumba macho.

"Anambusu Mchina," mkewe alisema kutoka mlangoni.

Baadaye mzee alinieleza kwamba ndivyo alivyofanya na mayai ya kanisani, kujua kama mtu ameyatoa chini ya kuku anayeatamia. Nami nilikuwa nimesoma kwamba jade ya kweli ni ya baridi na inachelewa kupata joto la mwili, wakati plastiki inapata joto upesi. Nilipomwambia hivyo alifurahi sana. Akaingia ndani akatoka na kifungo cha plastiki na kipande cha chupa, tukakaa pale barazani tukivibadilisha shavuni kimoja baada ya kingine, mimi na mzee wa kanisa, huku watu wanapita barabarani wakitusalimia na kusita.

Hivyo ndivyo tulivyojifunza. Sitaki nimfanye kuwa mtu aliyejua yote, hakujua. Mimi nilileta nilichosoma, yeye alileta maswali. Nilimwonyesha kwa kioo cha kukuzia kwamba glasi ina viputo vidogo vya hewa ndani, na jiwe halina. Nilimwonyesha jiwe lililotiwa rangi, jinsi ukijani unavyojikusanya kwenye nyufa kama maji ya matope kwenye alama za matairi. Yeye aliuliza mambo ambayo mimi, kwa kuogopa kuonekana mjinga, sikuwahi kuyauliza. Nani alikivaa? Alikuwa anakivaa mkono upi? Kwa nini walikiuza, kulikuwa na njaa? Kama alikuwa anapika nacho, mbona hakina mkwaruzo upande wa chini?

Swali hilo la mwisho lilinifungua macho. Kitu kilichovaliwa kinachakaa mahali ambapo mwili na nguo vinagusa. Bangili inalainika kwa ndani na kugongwagongwa kwa nje. Pini inapoteza rangi ya dhahabu pale vidole vinapoishika, si kila mahali sawasawa. Nilikuwa na bangili moja ya fedha niliyoipenda kuliko zote kwa sababu ya weusi wake, weusi ambao nilijiambia ni wa miaka mia moja, umelala vizuri kwenye kila shimo la nakshi. Mzee aliilowesha kidogo, akaisugua kwa leso, akainusa leso.

"Dawa ya viatu," alisema.

Nilinusa. Ilikuwa dawa ya viatu. Niliketi, nikamuuliza kwa sauti ndogo kama basi bangili ni feki.

"Nimesema ina dawa ya viatu," alijibu. "Sijasema kingine."

Na hapo ndipo ilipokuwa taabu yangu yote. Hakutoa hukumu. Alitaja alichokiona, alichokishika na alichokinusa, na akaishia hapo. Siku nyingine aliitazama pete yangu kwa muda mrefu hata chai yake ikapoa, nikadhani leo ndiyo leo. Akasema pete imefunguliwa ikafungwa tena, kwa hiyo ilivaliwa na mtu mnene na mtu mwembamba. Akairudisha. Nikienda dukani, mama alinitazama tu, nami nikatikisa kichwa, tukaendelea na zipu.

Nilimuuliza mkewe kwa nini yuko hivyo. Akaniambia nimuulize mwenyewe, nami nilipomuuliza alinisimulia bila kuona aibu. Zamani, alipoanza kunadi, aliwahi kumtangaza mbuzi kwamba ana mimba, kwa sababu aliyemleta alimwambia hivyo na tumbo lilionekana kubwa. Mjane mmoja akampandia bei kwa fedha aliyokuwa ameiweka kwa jambo jingine. Mbuzi hakuwa na mimba. Alikuwa ameshiba tu. Mzee alisimama mbele ya usharika Jumapili iliyofuata akasema alivyokosea, na mjane alipewa mbuzi mwingine kutoka zizi la mzee. Watu walilisahau jambo hilo upesi. Yeye hakulisahau.

"Tumbo niliona," aliniambia. "Mimba niliambiwa."

Pamoja na hayo, mtu asidhani alikuwa mkali wa ukweli kila mahali. Mkononi alivaa saa ya rangi ya dhahabu yenye jina kubwa la Uswisi, aliyoinunua kwa machinga stendi, na alijua vizuri kwamba jina lile lilikuwa la kubandikwa. Ilimwachia alama ya kijani kwenye mkono. Aliipenda, na kanisani aliinua mkono juu zaidi ya inavyohitajika ili iangaze. Nilipomdokezea, aliniambia saa yenyewe hajaipeleka mnadani. Kwenye drafti alikuwa mwizi kabisa. Alizihamisha kete mkewe akigeuka, na mkewe alizihamisha yeye akigeuka, na mchezo wao haukuwahi kuisha kwa haki. Na mtu yule aliyetaja kasoro ya kila kuku aliyepita mikononi mwake hakuwahi kutaja kasoro ya loshoro ya mkewe, yale mahindi ya maziwa mgando ambayo, nasema kwa heshima, mara nyingi yalishika chungu chini.

Nilipomsimulia kwamba vitu vyangu navyo vinatoka mnadani, mnada wa kwenye kompyuta, alitaka kuuona. Alikuja kafe siku ya kazi akiwa na koti lake la Jumapili. Kijana mwenye kafe akamuuliza kama anataka kufungua barua pepe.

"Nataka kumwona mnadi," mzee alisema.

Nilimweleza kwamba hakuna mnadi. Kuna picha, maneno, na saa inayorudi nyuma hadi muda uishe.

"Na anayetaja kasoro ni nani?"

"Muuzaji mwenyewe, mzee."

Alicheka mpaka akavua kofia. Kisha akavuta kiti. Alinitaka nimsomee kila kitu alichoandika muuzaji, nikamtafsiria, naye akawa ananisimamisha. Neno "mtindo wa kale" lilimsimamisha. Akauliza kama mtindo wa kale ni kitu cha kale. Nilikuwa nimelipita neno lile mara nyingi bila kuliona. Picha zilizopigwa kutoka mbali nazo zilimsimamisha, na picha ambazo hazikuonyesha nyuma ya kitu, kwa sababu mtu wa kanisani anayeshika kuku kwa namna ya kuficha mguu mmoja huwa ana sababu.

Ila siku hiyo tulifanya kosa ambalo nadhani ni watu wa usharika wetu tu wangeweza kulifanya. Kulikuwa na pini ya nywele ambayo muda wake ulikuwa unaishia. Nilikuwa nimeweka bei yangu, na mtu mwingine, sijui wa nchi gani, akaongeza. Nilitaka kumwachia.

"Ongeza," mzee alisema.

"Imeshapita thamani yake, mzee."

"Kuna mtu ameileta. Utamwacha aaibike?"

Nikaongeza. Yule mwingine akaongeza. Mzee akaanza kusimama, sauti yake ya kanisani ikawa inapanda, vijana wakaacha kompyuta zao wakaja nyuma yetu, na mimi nikaongeza tena na tena kwa furaha ambayo sijaielewa hadi leo. Tukashinda. Watu wakapiga makofi. Mzee akajifuta uso, akaniuliza sasa tunairudishaje iuzwe tena.

Ndipo nikarudiwa na akili. Nilikuwa nimenunua pini ya shaba iliyopakwa rangi kwa moyo wa kujenga paa la kanisa. Dada aliniandikia siku iliyofuata akiuliza kama naumwa.

Lakini nilijifunza jambo pale ambalo hakuna ukurasa uliokuwa umenifundisha: bei haisemi kitu ni nini. Inasema walionunua walikuwa na moyo gani siku ile. Wapo watu wanaotoa nyingi kwa shaba, na ipo jade ya kweli inayouzwa kwa bei ya viatu kwa sababu siku hiyo hakuna aliyekuwa anaitazama.

Ilipokaribia Sikukuu ya Mavuno niliamua kumbana. Sikujiambia hivyo wakati ule. Nilijiambia natoa shukrani. Nilikuwa na bangili moja ya jade niliyoikagua kwa kila njia niliyoijua. Ilikuwa ya baridi, haina viputo, ncha ya kisu haikuikwaruza, kijani chake kilipotea taratibu ndani ya weupe bila kukimbilia kwenye nyufa. Kwa ndani ilikuwa imelainika kama sabuni iliyotumika. Nilikaa nayo mwaka mzima. Niliiweka kwenye kapu la mayai, nikaliweka kapu madhabahuni, na nikajua kwamba baada ya ibada, mbele ya mama na wanawake wote wanaonunua uzi wetu, Mzee wa Mnada atalazimika kuitangaza.

Aliuza ndizi. Aliuza sungura wawili na kuonya kwamba wote ni madume. Kisha akaishika bangili yangu. Aliiweka shavuni, na watoto wakacheka. Akaiinua juani.

"Hii ni bangili ya jiwe la kijani," alisema. "Ni ya baridi. Ina ufa mmoja mwembamba kama unywele, haupiti upande wa pili. Ndani imelainika, kwa hiyo imevaliwa, au imesuguliwa na mtu mwenye subira. Imekuja kwa posta kutoka kwa mtu anayesema ni ya zamani sana. Yeye amesema, mimi sikuwepo. Aliyeitoa sadaka ameitazama mwaka mzima, na anaipenda. Nani anaanza?"

Waliigombania. Ilirudishwa ikauzwa tena, ikarudishwa tena, na mwisho ikabaki kwa mke wa mchungaji, ambaye anaivaa. Wenzangu wote walinipongeza kwa bei ile, nami nilitabasamu tu, ingawa nilijua bei ile inamaanisha nini.

Njiani nilimwambia mama kwamba mzee hakusema ni bandia.

"Hakusema ni halisi," mama alijibu, na tukapanda kilima.

Nilimkasirikia. Nilipita mbele ya nyumba yake nikijifanya nina haraka, na nilimsalimu kwa mbali ili asinifikie kichwani. Niliona amenifanyia makusudi. Ilinichukua muda mrefu kuelewa kwamba maneno mengi katika tangazo lile yalikuwa maneno yangu, niliyomfundisha mimi: ubaridi, ufa, kulainika. Alikuwa ameyasema yote mbele za watu bila kuacha hata moja. Lakini kuelewa hakukunipa kabati.

Baadaye aliacha kunadi. Macho yalikuwa yameingia ukungu, mtoto wa jicho pande zote mbili, na siku moja alimtangaza kuku mweupe kuwa ni wa kijivu, akarekebishwa na watoto. Aliyempokea ni mzee kijana mwenye kipaza sauti, ambaye kwake kila jogoo ni wa kisasa na kila mkungu ni wa aina yake. Mapato yalipanda. Mzee alikaa benchi la nyuma, na kila sifa ilipotajwa alitanguliza kichwa kidogo, kama anayengoja sehemu iliyobaki.

Nilienda kumwona mwezi wa saba, baridi ikiwa imeshuka mpaka barazani na Meru haionekani kabisa. Mkewe alinikaribisha ndani, karibu na jiko la mkaa, akanipa chai. Mzee alinigusa kichwani kabla sijamaliza shikamoo. Hakutaja miezi niliyopotea. Aliuliza nimeleta nini.

Nilikuwa na bangili ambayo dada alikuwa ameituma karibuni, ya nyuzi nyembamba za fedha zilizosokotwa kuwa maua, na ndani ya maua enameli ya buluu na kijani, mahali pengine imebanduka. Alipitisha vidole polepole. Alinusa. Akauliza kama ina maandishi popote, kwa sababu vidole vyake vilikuwa vimekuta kitu karibu na kifungio.

"Kuna muhuri, mzee. Umeandikwa 'fedha', kwa Kiingereza."

"Kiingereza?"

"Ndiyo."

Aliiweka mezani, mbali kidogo na yeye.

"Hii ni feki," alisema.

Sikuwahi kumsikia akitumia neno lile. Miaka yote nilikuwa nimemngoja atoe hukumu, yoyote ile, na sasa ameitoa, kwa utulivu, kama mtu anayesema mvua itanyesha. Mama wa China atavaa Kiingereza cha nini, aliuliza. Aliyeghushi ndiye aliyejisahau.

Nikaushika mkono wa kikombe. Nilikuwa najua kwamba amekosea. Nilikuwa nimesoma juu ya muhuri ule mpaka nikaota juu yake. Lakini alikuwa mzee wa kanisa, haoni, na mimi ni mtu ambaye akirudishiwa chenji pungufu huenda nayo nyumbani akaililie huko. Na kama ningenyamaza, lile neno lingeshuka Levolosi kabla yangu, na kabati lingebaki la vifungo maisha yangu yote. Nadhani hata bila kabati nisingeweza kunyamaza. Kitu kile kilikuwa mezani pale kimesemwa kisivyo.

"Mzee, samahani," nilisema. "Hapana."

Mkewe aliacha kuchochea mkaa.

Nilimwambia afikirie vinyago vinavyouzwa mjini kwa watalii. Chini ya kinyago kimechongwa neno "Tanzania". Kigoda ambacho mchongaji amemchongea mama yake hakina neno hilo, kwa sababu mama anajua yuko wapi. Neno limewekwa kwa ajili ya mgeni. Sasa, kinyago chenye "Tanzania" chini yake ni feki?

Mzee alifikiri. "Si feki," alisema. "Ni cha wageni."

"Na bangili hii ni ya wageni. Wachina walizitengeneza kuwauzia watu wa nje, na watu wa nje walitaka kusoma kwa lugha yao kwamba ni fedha."

"Na anayeghushi leo? Naye si anaweza kupiga muhuri huohuo?"

"Anaweza. Kwa hiyo muhuri hauthibitishi, na haukanushi. Nipe kidole."

Nilimshika kidole, kitu ambacho sikuwahi kukifanya, nikakipitisha nyuma ya maua. Nikamwonyesha uzi mmojammoja, kwamba haulingani na mwenzake kwa sababu uliviringwa kwa mkono. Za kumiminwa kwenye kalibu zingelingana. Nikamwonyesha pale enameli ilipobanduka, ukingo wake mkali kama wa bakuli lililoanguka, si rangi inayokunjika ukiikwaruza. Nikamwonyesha upande mmoja uliochakaa kuliko mwingine, upande wa kwenye meza, pale mtu anapoweka mkono akiandika au akila. Nilisema mengi. Mwanzoni kwa sauti ndogo, kisha nikasahau kuipunguza.

"Umri?" aliuliza.

"Siujui. Haina ujana, lakini sitasema miaka mia."

Kidole chake kilirudia njia niliyokipitisha, huku na huku.

"Nimekosea," alisema mwisho. Kisha akageukia nilipokuwa. "Mama yako bado ananingoja?"

Nilimwambia bado anamngoja.

"Mpelekee basi neno langu. Mwambie nimesema ni feki. Usinifichie. Halafu mwambie ulivyonijibu."

Nilishuka mpaka Levolosi kwa miguu, nikiwa nimeishika bangili ndani ya mfuko wa sweta. Mama alikuwa anampimia mteja lesi. Nilisubiri mteja aondoke, nikamwambia yote kwa mpangilio, kuanzia neno feki. Uso wake ulikunjamana pale. Nikaendelea, mpaka kinyago, mpaka kidole, mpaka umri nisioujua, mpaka mzee aliposema amekosea.

"Ulimwambia hapana?" aliuliza. "Mzee wa Mnada? Wewe?"

"Nilisema samahani kwanza."

Aliitazama bangili, lakini hakuishika. Akanitazama mimi. Kisha akainama chini ya meza akatoa boksi tupu la zipu, akafungua kabati, akaanza kutoa vifungo, vyeupe kwanza, kwa sababu ndivyo vinavyoshika vumbi.